Kaharabu ya Maskati na Chumvi ya Uvinza

Mimi sina subira na mtu anayeita plastiki mfupa. Wanaonijua hapa Bujumbura wanalijua hilo, na wapo wanaoniletea plastiki makusudi ili wanione nikichemka. Duka langu ni dogo, mlango mmoja na dirisha moja, katika mtaa wa Waasia, ambako ukitulia unasikia honi za meli za mizigo zikiondoka bandarini kwenda Kigoma. Nauza shanga, natunga vidani, natengeneza vilivyokatika. Hakuna kitu juu ya meza yangu kisicho na kibandiko nilichoandika kwa mkono wangu: pembe ya ng'ombe, Gitega. Shaba, Bukavu. Kioo cha chupa, Ghana. Ganda la yai la mbuni, Kenya. Plastiki, China.

Hicho cha mwisho huwaudhi wateja. Siku moja dada mmoja wa kwetu, aliyerudi likizo kutoka Ubelgiji, aliniletea kidani nikifupishe. Akaniambia ni mfupa wa ngamia. Nikakiinua kwenye mwanga. Mfupa una vidoa vidogo na mistari, mahali damu ilipopita mnyama akiwa hai. Kile kilikuwa laini kama kifungo cha shati. Nikamwambia. "Apana, madamu," akasema, "walinipa garanti." Nikapasha sindano moto, nikaigusa punje moja kwa nyuma, nikampa anuse. Mfupa ukiungua hunuka nywele. Kile kilinuka ndoo iliyoachwa karibu na jiko. Alichukua kidani chake akaondoka bila kuaga, na mume wangu, aliyekuwa amekaa mlangoni na gazeti lake, akasema kwamba kwa biashara hii tutakufa maskini lakini wakweli.

Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilijifundisha kwa meno, kwa pua na kwa kuunguza vitu vya watu. Kioo huwa baridi kwenye jino na hukwaruza. Plastiki huwa vuguvugu. Kioo cha zamani, kilichozungushwa kwenye ufito wa chuma kikiwa bado laini, kina mistari inayozunguka tundu. Cha kumimina kwenye kalibu kina mshono ubavuni. Tundu nalo lina mengi ya kusema. Ushanga uliovaliwa miaka mingi tundu lake limelika kingo, kwa sababu uzi ni mdogo lakini hauchoki. Nikikutana na mtu mwenye kidani kizuri, hata msibani, namtazama shingoni kabla ya usoni. Najua ni tabia mbaya.

Sasa niseme habari ya kidani cha nyumbani kwetu, maana ndicho kilichonitia adabu.

Baba wa baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa asili ya Omani, na alifungua duka hapa mji ulipokuwa bado na barabara chache za vumbi. Alimwoa bibi yangu, na siku ya hina alimvika kidani: shanga tano kubwa za njano iliyoiva, kila moja kama yai la kwale, na katikati yake shanga ndogo nyekundu, safu kwa safu. Tangu hapo kila bibi harusi wa ukoo wetu alikivaa siku ya hina. Shangazi yangu alikivaa. Mama yangu, aliyeolewa na mtoto mkubwa wa kiume wa nyumba hiyo, alikivaa. Nami nilikivaa, na nakumbuka uzito wake hadi leo, jinsi kilivyoilaza kanzu yangu kifuani. Tuliambiwa zile za njano ni kaharabu na zile nyekundu ni marijani, na kwamba vyote vilitoka Maskati.

Kidani kina mila yake. Kila bibi harusi hutungiwa kwa uzi mpya. Shangazi wa bibi harusi hukifungua peke yake siku chache kabla, huziosha shanga, huuchoma uzi wa zamani kwenye chetezo pamoja na udi, kisha siku ya hina hukitunga upya mbele ya bibi harusi, akipima urefu kwa shingo yake. Ila kisanduku chenyewe hakikai kwa shangazi. Hukaa kwa mke wa mtoto mkubwa, yaani kwa mama yangu.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Shangazi alikuwa binti wa nyumba na hakuelewa kwa nini kidani cha mama yake kilale kabatini kwa mwanamke aliyekuja na begi lake juzi. Mama naye hakuelewa kwa nini wifi yake haelewi. Basi walipigana vijembe miaka arobaini na zaidi. Mama aliazima sufuria ya shaba ya shangazi, ile kubwa ya kusongea halua, akakaa nayo. Kila Idi shangazi alikuja, akala halua, akafuta vidole, akauliza, "Wifi, halua tamu. Umeipika mu sufuria gani?" Na mama akajibu, "Mu sufuria yenye kupika halua tamu." Sisi watoto tulikuwa tukisubiri maneno hayo kuliko halua yenyewe.

Shangazi alikuwa na ulimi ambao haukumwacha mtu. Aliwahi kumwambia imamu kwamba hotuba yake ilikuwa na mikia mitatu. Lakini mama alipoanza habari za kidani mbele ya wageni, kaharabu ya Maskati, utomvu wa miti ya kale, hakuna mfano wake mji mzima, shangazi alikuwa akitafuta kikombe chake cha chai na kukitazama ndani. Nilidhani ni wivu. Nilikuwa nikimhurumia.

Kabla hajafariki, miaka miwili iliyopita, aliniita akanipa sindano yake ya kutungia, ndefu, iliyokaa ndani ya ganda la kalamu. Akasema, kwa Kiswahili chetu ambacho ndiye ni njo, "Sasa njo we utatunga. Siku ya kufungua, funga mulango. Na chenye utaona, ukae nacho." Nikadhani ni sehemu ya mila.

Mwaka huu binti wa kaka yangu akachumbiwa. Mtoto huyo ni wangu pia. Alikuwa akija dukani kila likizo, anajua kunusa pembe na kuuma kioo kama mimi. Siku ya posa wakaja wageni wa upande wa bwana harusi, familia ya wafanyabiashara wa zamani kama sisi, wakiongozwa na bibi yake, mwanamke mnene mchangamfu mwenye uzi wa shanga tatu za njano shingoni. Mama hakuweza kujizuia. Halua haijazunguka mara moja, tayari alikuwa Maskati.

Yule bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akatafuna, akameza, akasema kwa upole, "Lakini mwenzangu, kaharabu nyingi siku hizi iko plastiki. Ya kweli unaiweka mu maji ya chumvi mingi, inaelea. Ya uongo inazama."

Mama alinyoosha mgongo. "Lete chumvi yako siku ya hina," akasema. "Tutaiweka mbele ya watu wote. Na binti yangu huyu njo atapima. Mji wote unajua yeye hadanganyi mutu."

Macho yote yakanigeukia. Nami, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri kabisa. Nikasema inshallah, karibuni, nitaandaa bilauri mwenyewe.

Siku tatu kabla ya hina, mama alinipa kisanduku. Alasiri nikafunga mlango wa duka, nikageuza kibao upande wa "fermé", pamefungwa, nikatandika kitambaa cheupe mezani na kukata uzi. Shanga zikamwagika. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nazo mkononi kama mtu wa kazi, siyo kama bibi harusi anayelia.

Nikaanza na nyekundu, kwa kuwa sikuwa na shaka nazo. Moja ilikuwa imemeguka ukingo. Nikaitia kwenye lenzi. Ngozi yake ilikuwa nyekundu na ndani nyeupe kama nazi. Marijani haiko hivyo. Marijani ni nyekundu hadi moyoni. Hicho kilikuwa kioo, chekundu juu ya cheupe, kazi ya mafundi wa Venisi, shanga ambazo wafanyabiashara wa Ujiji waliziita samesame na kuzisambaza ziwa zima kwa magunia. Ninazo kama hizo dukani kwangu, kwenye kikombe, na kibandiko chake.

Nikajisemea, sawa, marijani si marijani, lakini kaharabu ni kaharabu. Nikaichukua kubwa ya katikati, nikaisugua kiganjani mpaka ikapata joto, nikainusa. Udi. Harufu nzuri, nzito, ya kale. Nikacheka kwa furaha. Kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu kaharabu ikisuguliwa hunukia utomvu, mti uliokatwa, si udi. Udi ulitoka wapi? Ulitoka kwa mama. Kila Ijumaa, tangu nilipokuwa mtoto, nilimwona akikifungua kisanduku na kukipitisha juu ya chetezo. Bibi kabla yake alifanya vivyo hivyo. Zaidi ya nusu karne tumezifukiza shanga zile, kisha tukizinusa tunaambiana, sikieni, kaharabu halisi. La kuvunda halina ubani, wanasema watu, na sisi tulikuwa tukitia ubani kila wiki.

Nikawasha mshumaa nipashe sindano. Nikageuza ushanga nitafute mahali pa siri, pale ndani ya mdomo wa tundu ambapo jicho halifiki. Na hapo nikaona kwamba mtu amenitangulia. Kulikuwa na kidonda kidogo cheusi, cha zamani, kimezibwa kwa nta. Nikaitazama sindano niliyoishika, ile ya shangazi. Ncha yake ilikuwa nyeusi. Nami miaka miwili nilidhani ni kutu.

Halafu nikaigusa palepale alipogusa yeye, na ikatoka harufu ya dawa ya kusugulia sakafu za hospitali. Hiyo ni bakelaiti: plastiki ya kale, nzito, iliyopikwa viwandani Ulaya enzi za babu na kuletwa Afrika kwa maboksi kwa sababu watu wetu walipenda kaharabu na kaharabu haikutosha. Nikachukua bilauri ya maji, nikakoroga chumvi mpaka maji yakaikataa, nikatumbukiza moja. Ikazama. Nikatumbukiza zote tano, moja baada ya nyingine. Zikalala chini ya bilauri kama watoto kwenye mkeka.

Sasa aibu yote ikaniangukia. Mama yangu, mwenye miaka themanini na ushee, ameahidi kupima mbele ya wakwe. Akipima, anaumbuka siku ya mjukuu wake. Asipopima, watasema ameogopa. Na mpimaji ni mimi, mwanamke wa vibandiko.

Nitasema yote. Nina dukani kwangu kamba ya sandarusi, ule utomvu wa miti uliogandia ardhini, mdogo wake kaharabu; mzee mmoja wa Kigoma aliniuzia. Ni ya njano iliyoiva. Inanukia utomvu. Inaelea. Nilizichagua tano zenye ukubwa uleule, nikazipaka mafuta kidogo, nikazitunga pamoja na samesame, nikajiweka shingoni mbele ya kioo. Nani angejua? Bibi yule angetoa chumvi yake, sandarusi ingeelea, mama angepigiwa vigelegele, nami ningekuwa mtu mwema. Nilisimama pale nikijitazama, na nilichohisi ni kwamba shingoni hapana kitu. Kaharabu na sandarusi ni nyepesi. Kidani nilichovaa mimi kilikuwa kizito, kilinilazimisha kunyoosha mgongo. Nikakivua nikijitukana kwa Kiswahili na Kifaransa, nikazirudisha sandarusi kwenye kamba yake na kibandiko chake. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwangu iliishia kwenye kioo cha dukani.

Asubuhi nikaenda kwa mama na bilauri, chumvi na shanga moja. Alikuwa uani, anachambua mchele. Nikamwonyesha bila maneno mengi, maana nikianza kueleza huwa siishi. Akaitazama ikizama. Akaitoa kwa vidole, akaitumbukiza tena yeye mwenyewe, polepole, kama kwamba labda mimi niliitupa vibaya.

"We mutoto," akasema, "chumvi ni ya wapi?"

"Ya Uvinza, mama. Ile tunayopikia."

"Na zingine ine?"

"Zote zimezama."

Akarudi kwenye mchele. Akachambua punje kumi, ishirini. Mimi nilikuwa tayari kulia. "Ile siku nilivaa mi," akauliza, "ilikuwa hizi hizi?"

"Hizi hizi, mama."

"Nilipendeza," akasema. Halikuwa swali. Nikamwambia tuache kupima, nitasema nimesahau bilauri, nitasema naumwa. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa na miaka saba. "Apana. Mi njo nilisema lete chumvi. Mutu wa kusema halafu anakimbia, siye mi." Kuhusu kidonda na sindano sikumwambia. Niliona ya siku moja yametosha.

Hina ilifanyika nyumbani kwa kaka yangu, mtaani Ruziba, ambako upepo wa ziwa huingia sebuleni bila hodi na kuwapeperusha wanawake mitandio. Walikuwa wengi: ndugu, majirani, wenzake bibi harusi wa chuo kikuu. Bibi wa bwana harusi alikuja na chumvi yake kweli, kwenye kopo la maziwa ya unga, ameikumbatia. Aliiweka katikati ya mkeka karibu na bakuli la hina. Mimi nilikoroga, kijiko kikipiga bilauri kama kengele. Nikamwangalia bibi harusi. Alikuwa amekaa kwenye mto na miguu yake imenyooshwa, hina mbichi hadi vifundoni, na alikuwa akinitazama kwa jicho la dukani. Alijua kitu.

Nilipotaka kuchukua ushanga, mama akaniwahi. "Acha. Nitatumbukiza mwenyewe." Akaishika ile ya katikati juu ya maji ili wote waone, akaiachia.

Ikazama. Ilifanya sauti ndogo, tik, ilipofika chini.

Mama akawageukia. "Muliona? Imezama. Kumbe miaka yote nilikuwa nawauzia plastiki bure. Nilikuwa sijui, mutanisamehe." Kisha, kabla mtu hajapata la kusema, akamgeukia bibi wa bwana harusi, macho yakimmeta. "Sasa mwenzangu, leta yako."

Mkono wa yule bibi ulikwenda shingoni kwake wenyewe. Nikamwona akifikiri. Angeweza kukataa, hakuna aliyemwahidi mtu habari za shanga zake. Lakini alikuwa mwanamke wa kweli, naye alikuwa ameleta kopo zima la chumvi. Akavua uzi wake na kuutumbukiza mzimamzima. Ukashuka na shanga zake tatu, ukakaa juu ya wa kwetu.

"Yoo!" akapiga kelele. "Mume wangu alinidanganya akiwa hai, ananidanganya na akiwa kaburini!" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akamwegemea mama, na mama akacheka mpaka mtandio ukamwanguka, na hapo pakaharibika. Bilauri haikutosha, mtu akaleta beseni. Wanawake walivua vya shingoni, vya mikononi, hata hereni, wakatumbukiza. Zama. Zama. Zama. Kila kikizama vigelegele. Ulimi ukaniwasha, nikaanza kutoa hukumu kama kadhi: hiki bakelaiti, Ulaya, enzi za babu zetu wote, hiki kioo, cha Bohemia, hiki kizuri, hiki ni akiki, ni jiwe, hata likiwa la kweli litazama, lirudishe, hiki pembe, mama, na mafuta ukipake.

Kisha rafiki wa bibi harusi, msichana Mrundi wa chuo, akavua bangili yake ya njano aliyoinunua kwa mchuuzi barabarani, akaitupa ndani ya beseni kwa mzaha. Ikaelea. Ilizunguka juu ya maji, imetulia, haina habari.

"Mana yanje!" akasema yule msichana, akimwita Mungu wake kwa Kirundi, mikono mdomoni. "Njo mi niko na kaharabu?"

Sebule nzima ilimpigia vigelegele. Bibi mmoja alianza kumuuliza kama ana mchumba. Nami nikajikuta nasimama, maana kuna mambo siwezi. Nikaieleza hadhara ile kwamba ipo plastiki ya siku hizi, nyepesi, inayoelea kama kaharabu, na kwamba ndiyo maana mtu wa kazi hapimi mara moja. Nikaiweka bangili jinoni kwa uthibitisho. Wakanizomea. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: katika beseni lile, mali zote za koo mbili zimezama, na kilichoelea ni plastiki ya China.

Bibi harusi akanivuta nguo kwa kiwiko, kwa kuwa vidole vilikuwa na hina. "Shangazi," akasema, "mi nilijua tangu mwaka jana. Bibi alinipa nishike kidani, nikakiuma."

"Na hukusema?"

"Nilifikiri we hujui. Sikutaka kukuharibia." Nikamtazama mtoto huyo, mwanafunzi wangu, aliyenihurumia mwaka mzima. "Nitungie," akasema. "Nataka kuvaa hii hii."

Nikaingia naye chumba cha ndani, pamoja na mama, maana mama hakubali kuachwa nje ya jambo. Nikazifuta shanga chumvi, nikatoa uzi mpya na sindano ndefu. Kule sebuleni walikuwa wameanza kupiga matari. Mama alikuwa akinipa shanga moja moja kama inavyotakiwa, akizifuta kwa ncha ya kanga. Ile ya katikati ikakawia mkononi mwake. Macho yake bado ni makali kwa vitu vidogo. Anachambua mchele bila miwani.

"Hapa pamechomwa," akasema. "Ni we?"

"Ya juu ni mimi. Ile ya chini ya nta, apana."

"Ni nani?"

Nikamwonyesha sindano, ncha yake. Aliijua. Ilikuwa imewatungia mabibi harusi wa nyumba, na mimi bintiye. Akaichukua, akaitazama, akairudisha. Nilimwona akipiga hesabu za miaka: kila Idi, kila posa, kila mgeni, yeye akisema Maskati, na upande wa pili wa sinia shangazi ameinamia kikombe chake. Mwanamke ambaye hakumwacha imamu. Neno moja tu lilimtosha, na alikuwa nalo wakati wote.

"Alijua," mama akasema.

"Alijua, mama."

"Na mi nilimwita mwenye wivu." Akakaa kitandani. Hakulia kwa sauti; machozi yalimshuka tu, akiyaacha, na bibi harusi akamwegemezea kichwa begani akiwa ameinua mikono yake yenye hina juu, mbali na nguo. Nami nililia, sioni haya kusema, kwa sababu nilimkumbuka shangazi na jinsi nilivyomhurumia kwa kitu ambacho hakuwa nacho. Kisha nikafunga fundo, nikamvika mtoto kidani, kikailaza kanzu yake kifuani. Alinyoosha mgongo.

Siku mbili baada ya harusi mama alinipigia simu niende na teksi. Nilimkuta uani, mikono imejaa majivu na maganda ya ndimu. Mbele yake ilikuwa ile sufuria ya halua. Alikuwa ameisugua peke yake tangu alfajiri, ndani na nje, hata sikuweza kuitazama juani.

"Ipeleke kwa binti wa wifi," akasema. "Mwambie ilikuwa ya mama yake. Mwambie nimechelewa."

Nikaiinua. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia, nikachungulia ndani. Chini kabisa, imefungwa ndani ya kitambaa safi, kulikuwa na halua, bado ya moto.